Chaki ya Ijumaa

"Hiyo kubwa achana nayo, shemeji," Ombui alisema. "Mtu hanunui kelele. Ananunua ukuta wa silinda."

Walikuwa watatu katika yadi ya Abdurahman mjini Homa Bay, Ijumaa mchana, wameinama juu ya bloki za injini kama watu wanaochagua mbuzi wa sherehe. Ombui ndiye aliyekuwa na gari. Bathsheba, mkewe, ndiye aliyekuwa na pesa. Masese, ndugu mdogo wa Bathsheba, hakuwa na gari wala pesa, lakini alikuwa fundi, tena fundi aliyefundishwa kushika spana na huyo huyo Ombui, na alikula kwenye meza yao tangu amalize shule.

"Hii ni two litre," Masese alisema huku akiipapasa ile bloki kubwa. "Ukifunga hii, mpaka Ndhiwa hakuna mtu atakuona. Watakula vumbi tu."

"Na kutoka Ndhiwa kwenda mbele?"

"Kwenda mbele si tumeshashinda."

"Weka kidole hapa." Ombui aliushika mkono wa shemeji yake akaupeleka ndani ya tundu la silinda. "Hii imechongwa mara tatu. Kila mara ikichongwa, chuma kinapungua. Siku ya mbio itanibeba, sikatai. Jumatatu nikipakia magazeti itaniacha barabarani na watu wananicheka. Mimi nataka gari ya kukimbia Jumapili moja na kufanya kazi Jumatatu zote."

Habari ya magazeti ilikuwa hivi. Mohamednur, wakala wa magazeti mjini Migori, alikuwa amebaki bila gari la kuyaleta kutoka Homa Bay kila alfajiri. Walioitaka kazi hiyo walikuwa wengi, na kila mmoja alikuja na mzee wa kumsemea. Mohamednur alichoka kusikiliza wazee. Akatangaza kwamba kwa kuwa wapenzi wa magari walikuwa wameandaa mbio kutoka Homa Bay kupitia Ndhiwa mpaka Migori, basi gari litakalofika la kwanza ndilo litakalobeba magazeti yake. Ni njia ya ajabu ya kuajiri mtu, lakini mwaka huo wa tisini na sita watu walikuwa wameona kazi zikitolewa kwa njia za ajabu zaidi, na hii angalau ilikuwa hadharani.

Datsun ya Ombui ilikuwa juu ya mawe tangu injini yake ife. Kichwa cha injini kilikuwa kizima, pistoni zingepatikana, hata kabureta mbili za mbio zilikuwepo, zile ambazo Ombui alisema alipewa na rafiki yake wa Oyugis. Kilichokosekana ni bloki, na bloki ndiyo injini yenyewe. Hayo mengine ni mapambo. Kwa ajili ya bloki, Bathsheba alikuwa ameuza mashine yake ya kufuma masweta ya shule. Nyumba ilikuwa imebaki na tegemeo moja tu, nalo lilikuwa juu ya mawe.

"Baba Vale anasema kweli," Bathsheba alisema. Binti yao aliitwa Valentine, na kwa jina hilo la mtoto ndivyo alivyomwita mumewe mbele za watu. "Sisi si watu wa kombe. Tunataka kitu cha kudumu."

Hiyo ikaamua. Zilibaki bloki mbili ndogo za one-eight, hazijachongwa hata mara moja, zimefanana kama mapacha. Tofauti yao ilikuwa rangi. Moja ilikuwa imerukiwa na matone ya rangi ya kijani ubavuni, kumbukumbu ya gari ilimotolewa, na nyingine ilikuwa nyeusi kwa grisi. Bei yake ilikuwa ile ile. Abdurahman, mtu mnene mpole aliyekuja Homa Bay kutoka mbali na sasa alisema Dholuo kuliko wenyeji wengine, aliketi juu ya tairi na kuwaacha wabishane.

"Chagueni leo," aliwaambia. "Kesho asubuhi kuna mtu wa Kehancha anakuja kuangalia hizi hizi. Atakayoikuta ni yake."

Ombui akaomba mafuta ya taa. Akazipaka bloki zote mbili kwa brashi, ndani na nje, akaziacha zinywe. Kisha akazipangusa mpaka zikakauka, akasaga chaki akazipaka unga wake, zikawa nyeupe pe. Mafundi wote wa upande ule waliijua njia hiyo. Kama chuma kina ufa, hata ule usioonekana kwa jicho, mafuta ya taa yaliyojificha ndani yake hutoka polepole na kuchora mstari kwenye chaki. Chuma kizima hubaki cheupe. Ila kazi hiyo haitaki haraka. Unapaka mchana, unasoma jioni.

Na jioni ya Ijumaa, Ombui na mkewe walikuwa na miadi nyingine. Walikuwa Waadventista, tena si wa jina tu. Jua likizama Sabato imefunguliwa, na baada ya hapo Msabato hanunui, hauzi, wala hasimami kwenye yadi ya vyuma kusoma chaki. Ilikuwa lazima waondoke mapema wafike nyumbani Migori na mwanga.

"Mimi nitabaki," Masese alisema. Kanisa alikuwa ameliacha siku nyingi, na dada yake alikuwa bado anamwombea. "Nyinyi lipeni sasa kabla jua halijaingia. Itakayobaki nyeupe ndiyo nitawaletea."

Bathsheba alitoa pesa kwenye fundo la leso akampa Abdurahman. Kisha akamgeukia ndugu yake, akamsawazisha kola ya ovaroli jinsi alivyozoea tangu akimlea.

"Soma vizuri, Masese. Hiyo ni mashine yangu."

"Dada, kwani mimi ni mtoto?"

*

Jumapili mchana pikapu iliingia uani kwao Migori na kushusha bloki. Ilikuwa ile nyeusi.

"Hii ndiyo ilibaki nyeupe," Masese alisema akijifuta jasho. "Ile ya kijani ilitoa mstari kutoka hapa mpaka hapa. Mwenye kuichukua atalia."

Ombui aliizunguka bloki. Ilikuwa imeshapanguswa chaki yote, imepakwa oili isishike kutu. Akaenda kwenye kibanda, akarudi na chupa ya mafuta ya taa na brashi.

"Unafanya nini?" Bathsheba akamuuliza.

"Nataka kuipaka tena kidogo. Kuhakikisha tu."

"Kuhakikisha nini, na ndugu yangu amekuambia?"

Masese akacheka. "Mwache apime, dada. Pengine mimi nimekuwa mwongo siku hizi. Shemeji anajua sana mambo ya waongo."

Ombui alimtazama. Kisha akaifunga chupa, akairudisha kibandani. Wapo wanaume ambao wangepima tu, shemeji akasirike akikasirika. Ombui hakuwa na ubavu huo mbele ya Masese, na sababu yake alikuwa anaijua vizuri. Bathsheba aliona mumewe amekuwa muungwana, akafurahi, akaenda kuwachinjia kuku.

*

Kazi ya kufunga injini ilianza. Ombui alikuwa mtu wa taratibu, kila nati aliiosha kabla ya kuirudisha, na Masese alimsaidia asubuhi tu. Mchana aliondoka. Alisema amepata kibarua cha mtu upande wa Kehancha, na kwa kuwa nyumba ilikuwa haina pesa ya kumlipa, nani angemkataza?

Siku moja Jedidah, mwenye duka la nguo karibu na soko, alimtuma mtu kumwita Bathsheba. Jedidah ndiye aliyeinunua ile mashine. Sasa mashine ilikuwa imekataa.

"Inaruka nyuzi," Jedidah alisema. "Nimeisemesha kwa upole na kwa ukali. Labda inakujua wewe."

Bathsheba aliketi mbele ya mashine yake kama mgeni. Aliikazia sindano mbili, akaipitisha mara chache, ikatulia. Jedidah akamwomba amalizie mkono wa sweta, halafu mwingine, halafu shingo, na wateja waliokuwa wakiingia walimsalimu Bathsheba kama mfanyakazi wa duka. Mwalimu mkuu mmoja aliyekuwa mteja wake wa miaka alimwona, akajifanya anasoma bei ukutani. Mwishoni Jedidah alimpa kilo ya sukari iliyofungwa kwenye karatasi.

"Wanaume wana maneno," Jedidah alisema akimsindikiza mlangoni. "Wanatuuzia vitu, tunabaki na mikono mitupu."

"Mimi sikuuziwa. Niliuza mwenyewe kwa akili zangu," Bathsheba alijibu. "Na Baba Vale si mtu wa maneno. Mwezi wa nane alipeleka kwa baba ng'ombe wawili wa mwisho. Mahari yangu imekwisha, Mama. Mimi kwangu ni kwangu."

"Mungu ni mwema. Wangu bado anadaiwa hadi mbuzi."

Bathsheba alitembea kurudi nyumbani na sukari yake chini ya kwapa, na aibu ya dukani ikawa imepungua. Kwa Wakisii wa umri wake, mwanamke ambaye ng'ombe wake wamefika wote ana mgongo wa kuegemea. Akigombana na mumewe hawezi kuambiwa kwamba yuko hapo kwa mkopo. Tangu mwezi wa nane alikuwa anaketi benchi la mbele na akina mama wa kanisa, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

*

Siku ya mbio ilikuwa Jumapili, na Ombui alichukua hilo kama neno kutoka juu. Masese, aliyekuwa awe pembeni yake garini, aliamka akasema ana malaria. Ombui akaenda peke yake.

Magari yaliachiwa Homa Bay yote kwa mpigo mmoja huku watu wakishangilia. Ombui alikuwa dereva, hilo hata adui yake hamnyimi. Kona za barabara ya murram alizijua kama mtu anavyojua ngazi za nyumba yake, na ile injini iliimba. Kabureta mbili zilivuta hewa kwa pamoja, bila kukohoa. Alilipita gari la mwalimu mmoja wa Oyugis, akalipita la Mhindi wa Kisumu, na alipoingia Ndhiwa watu walikuwa wamejaa pande zote za barabara wakimpungia kwa matawi. Karibu nyuma yake kulikuwa na gari moja tu, la Ryoba, Mkuria wa Kehancha, mfugaji aliyependa magari kuliko watu wa mji.

Ombui alifikiria magazeti. Alijiona alfajiri akifungua mlango wa nyuma na kuyapanga kwa vifungu, na mwisho wa mwezi akimnunulia Mama Vale mashine mpya, kubwa kuliko ile. Alifikiria pia jambo jingine, la ng'ombe wawili, na akajiambia kwamba hilo nalo sasa lingenyooka bila mtu kujua.

Walipomaliza kupanda mlima mmoja mrefu mbele ya Ndhiwa, mshale wa joto ulikuwa umelala upande mwekundu. Halafu moshi mweupe ukatoka nyuma, mzito, wenye harufu tamu ya maji ya rejeta. Gari likakosa nguvu. Ombui akaliachia likajisogeza mpaka ukingoni, na Ryoba akapita, akipiga honi mara moja kama anayeomba radhi.

Akina mama waliokuwa wanatoka kisimani walimpa maji kwenye mitungi yao. Aliyamimina, yakapotea ndani ya injini. Wakamwongezea, yakapotea tena.

"Omera, ndugu yangu," mmoja wao alisema, "gari yako inakunywa kuliko ng'ombe."

Ombui akachomoa kijiti cha oili. Badala ya oili nyeusi, kilitoka na kitu cha rangi ya chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia kwenye oili. Akaketi chini, palepale kwenye majani, kwa sababu alijua maana yake. Bloki ilikuwa na ufa, ufa ambao chuma kikiwa baridi umelala, na kikipata moto unafunguka.

Trekta la miwa lilimvuta mpaka Migori. Dereva wa trekta alikataa malipo, lakini hakukubali kupita njia ya nyuma, alisema miwa ya watu inakauka. Kwa hiyo Ombui aliingia mjini kwa barabara kuu, amefungwa kwa mnyororo nyuma ya tela, mbele ya umati wote uliokuwa umekuja kumwona anashinda. Watu walimpisha kwa heshima mbaya, ile ya msibani. Kijana mmoja akasema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta," na wenzake wakacheka. Bathsheba alikuwa amesimama karibu na meza ya waandalizi, amemshika Valentine mkono, amevaa gauni lake la kanisani.

Mohamednur alimfuata mpaka dirishani. Alikuwa mtu wa haki, na mtu wa haki hana namna nyingi za kufariji.

"Pole, Ombui. Wallahi nilikuwa nakuombea wewe. Lakini nilisema mbele ya watu. Ryoba anaanza kesho alfajiri." Akamwona mikono yake ilivyojaa oili, akamkunjulia gazeti la jana apanguse.

Ryoba alikuwa amefungua boneti watu waione injini iliyomshinda kila mtu. Ombui alisogea kama wengine. Hakwenda kwa wivu; fundi akiona boneti limefunguliwa hawezi kupita. Akainama. Ubavuni mwa bloki, chini ya ekzosi, kulikuwa na matone ya rangi ya kijani.

Akayagusa kwa kidole.

"Hii bloki umetoa wapi?"

"Si ni ya Abdurahman," Ryoba alijibu. Hakuwa na la kuficha. "Nilienda pale Jumamosi, nikakuta fundi wako ananingoja. Aliniambia, nyinyi mmechukua ile nyingine, nichukue hii ya kijani kwa sababu chaki yake imebaki nyeupe. Akaja mwenyewe nyumbani kunifungia. Masese ni fundi mzuri sana, bwana. Mimi nilijua mmekubaliana."

Ombui aligeuka. Bathsheba alikuwa nyuma yake, na uso wake ulionyesha kwamba hakuna neno lililompita. Ndugu yake alikuwa ameisoma chaki vizuri kabisa.

*

Walimkuta Masese mezani, anakula ugali na samaki alivyovipasha mwenyewe. Malaria ilikuwa imepona. Valentine aliambiwa aende kwa jirani.

"Uliona ule mstari," Ombui alisema.

Masese hakukana. Hilo ndilo lililomuumiza Bathsheba kuliko yote. Alikuwa amekuja njia nzima akimwandalia ndugu yake uongo wa kusema, na yeye hakuutaka.

"Niliuona. Ulikuwa mrefu, kati ya silinda ya pili na ya tatu."

"Ukaniletea."

"Nikakuletea."

"Ryoba alikupa pesa ngapi?" Bathsheba akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hakunipa pesa. Alinipa ng'ombe wawili. Wameshafika nyumbani kwetu, na wiki ijayo wanakwenda kwa akina Mokeira." Mokeira alikuwa msichana ambaye Masese alikuwa amemchumbia kwa miaka mingi kuliko inavyostahili. Masese akanawa mkono wake polepole kwenye bakuli. "Dawa ya deni ni kulipa, dada. Mimi nimejilipa."

"Deni gani? Nani anadaiwa na wewe?"

Masese alimtazama Ombui. Ombui alikuwa anatazama mlango.

Kwao, ndugu na dada hupangwa wawili wawili. Ng'ombe wanaoletwa kwa ajili ya dada ndio ndugu yake anaooa nao. Bathsheba alikuwa amepangwa na Masese tangu wakiwa wadogo, na alimlea akijua kwamba siku moja ng'ombe wake wangemleta mke wa huyu. Ndiyo maana mwezi wa nane alifurahi mara mbili.

"Mwambie," Masese alisema. "Ama nimwambie mimi."

"Masese, haya si maneno ya leo," Ombui alisema.

"Ni ya mwezi wa nane. Dada, kwa baba hakujafika ng'ombe. Hata kwato. Baba alingoja mpaka jioni na wazee wake, wamevaa makoti, pombe ya chang'aa imeshanunuliwa. Wakalala hivyo hivyo."

"Alirudi na salamu za baba," Bathsheba alisema. "Alisema baba amemsifu yule mwenye doa."

Bathsheba alianza kukumbuka lile doa jeupe jinsi alivyolisimulia kwa akina mama wa kanisa, lilivyokuwa kwenye paji la uso, na jinsi alivyolitolea Mungu shukrani mbele ya watu.

"Unataka kuwaona?" Masese akaendelea. "Fungua boneti ya hiyo gari. Wamekaa hapo wawili, bega kwa bega, wanavuta hewa. Rafiki wa Oyugis ni mwenye duka, na mwenye duka hapeani kabureta bure. Mimi ndiye nilizifunga. Nilikuwa naikaza kila nati nikijua ni mguu wa ng'ombe wangu."

"Nilitaka kushinda kwanza," Ombui alisema. Aliongea akimwelekea mkewe, lakini macho hayakufika. "Nikishapata ile kazi ningenunua wanne, si wawili. Mama Vale, unanijua. Ilikuwa ni kutanguliza tu."

"Na wewe?" Bathsheba alimgeukia ndugu yake. "Miezi yote hii unakula kwangu. Ulishindwa kuniambia?"

"Baba alikataza. Alisema ukijua utaaibika ndani ya ndoa yako. Alisema mwanaume akikosa aibu, tusimpe mwanamke aibu yake."

"Kwa hiyo ukaona ni heri univunjie gari."

"Nimevunja gari yake. Si yako."

"Mashine yangu iko ndani ya hiyo gari, Masese," Bathsheba alisema. "Nilikushika kola nikakuambia. Yeye alitoa nini? Hiyo bloki ni mimi nililipa. Ulipomaliza kusoma chaki ulijua ni nani amelipa."

Masese alifungua mdomo. Ilionekana wazi kwamba hesabu yake yote ya wiki hizo ilikuwa ya wanaume wawili tu, na hapo ndipo alipoona kwamba aliyelipishwa hakuwamo. Akasema, "Dada," akiisukuma sahani pembeni.

Bathsheba alikusanya sahani mezani. Alijisikia mjinga, na ujinga huo ulimchoma kuliko hasara. Mumewe alimdanganya kwa salamu za baba yake, ndugu yake alimdanganya kwa kumlia chakula akiwa kimya, na baba yake mwenyewe alimficha akidhani anamsitiri. Wote walimpenda, kila mmoja kwa njia yake, na hakuna hata mmoja aliyemwambia ukweli.

*

Asubuhi, redio ya jirani ikiwa inasoma habari, gari la Ryoba lilipita barabarani kwa kasi limebeba magazeti. Bathsheba alitoka nje na kikapu. Alikuwa amevaa gauni la safari, na Valentine alikuwa tayari amefungwa kitambaa.

"Zifungue," alimwambia mumewe.

"Nini?"

"Hizo kabureta. Zote mbili."

Ombui alitaka kubisha. Bila kabureta, Datsun ingekuwa ganda tupu, na kuna mtu wa Rongo aliyekuwa ameshataka kuinunua hivyo hivyo ilivyo. Alimtazama mkewe, akaenda kuchukua spana. Nati zilikuwa zimekazwa kwa nguvu zote za Masese, na ilimbidi Masese mwenyewe aje ashike upande wa pili ndipo zikalegea. Walifanya kazi hiyo bila kusemezana, vichwa vyao viwili chini ya boneti moja kama siku zote.

Bathsheba alizipokea moja moja. Alizifunga kwenye leso ile ile aliyofungia pesa ya bloki, akazilaza ndani ya kikapu, akakijaribu uzito.

"Unazipeleka wapi?" Ombui akauliza.

"Ng'ombe wa baba nawapeleka nyumbani. Alingoja mpaka jioni."

"Mama Vale, nitakwenda mwenyewe. Nipe wiki moja. Mzee atafanya nini na kabureta?"

"Atawaonyesha wazee wake. Waliacha kazi zao wakavaa makoti."

Ombui alijipangusa mikono kwenye suruali. Gazeti la jana lilikuwa limekwisha. "Utarudi lini?"

"Muulize baba," Bathsheba alisema.

Alimshika Valentine mkono, wakaanza kushuka kuelekea stendi. Masese aliwafuata haraka mpaka mbele ya duka la Jedidah, akanyoosha mkono kukipokea kikapu, kwa maana kilikuwa kizito na njia ilikuwa na mawe. Bathsheba alikihamishia mkono wa upande mwingine.